Bei ya Shingo: Simu za Kuchochea Madai ya Fidia baada ya Ajali Ndogo za Magari nchini Uingereza

Simu ya kuchochea dai, kwa maana inayotumika katika mhadhara huu, ni simu anayopigiwa mtu bila ya kuiomba, na mpigaji asiyemfahamu, ili ashawishike kudai fidia ya jeraha la mwili kutokana na ajali ya gari ambayo mara nyingi ilikuwa ndogo, kiasi kwamba waliohusika walikwisha kupeana majina ya kampuni zao za bima, wakaagana, na kila mmoja akashika njia yake. Simu za namna hiyo zilienea mno nchini Uingereza katika miongo miwili ya mwanzo ya karne hii, na hasa katika England na Wales, kwa kuwa Scotland ina mahakama zake na sheria zake. Wapo waliopigiwa siku chache baada ya kugongwa kwa nyuma kwenye taa za barabarani, wapo waliopigiwa miaka miwili baadaye, kwa sababu sheria ya ukomo inaruhusu dai la jeraha kufunguliwa ndani ya miaka mitatu, na wapo walioelezwa kwa sauti ya uhakika kwamba kumbukumbu zinaonyesha wamepata ajali isiyo ya kosa lao, ilhali hawakuwahi hata kumiliki gari. Umma uliziona kama kero, yaani utovu wa adabu wa watu wasiojua saa ya chakula cha jioni. Hapa zitachunguzwa kama tawi la mwisho la soko ambalo bidhaa yake ilikuwa habari ya ajali, na itadaiwa kwamba sheria ilifanikiwa ilipoigusa bei ya bidhaa hiyo, na ikachoka bure kila ilipomkimbiza mpigaji.

Soko hilo lilijengwa juu ya kiungo kimoja cha mwili, nacho ni shingo. Gari linapogongwa kwa nyuma, kiwiliwili husukumwa mbele pamoja na kiti, kichwa hubaki nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hufuata kwa kasi, na shingo iliyo baina yao hujipinda na kujinyoosha kama mjeledi unaochapwa hewani. Ndiyo maana Waingereza walilipa jeraha hilo jina la mchapo wa mjeledi, na ndilo linaloitwa hapa mtikisiko wa shingo. Mwaka 1995 jopo la wataalamu wa Quebec, nchini Kanada, lililipanga katika ngazi tano, kuanzia ngazi ya sifuri, ambayo mtu hana lalamiko lolote, hadi ya nne, ambayo mfupa umevunjika au kiungo kimeteguka. Wagonjwa walio wengi huangukia ngazi ya kwanza na ya pili, ambazo maumivu na ukakamavu wa shingo vipo lakini picha ya eksirei haionyeshi kitu, hivyo daktari hana budi kulitegemea zaidi neno la mgonjwa mwenyewe. Kwa mganga hilo si tatizo kubwa, maana tiba yake ni dawa ya maumivu na kuizoesha shingo kazi zake za kila siku. Kwa mtu anayetafuta bidhaa ya kuuza, jeraha ambalo ni la kawaida, lisiloonekana, lisiloweza kukanushwa kwa urahisi, na ambalo kwa kawaida hupona lenyewe, ni mali isiyo na mfano.

Tafiti mbili zimetajwa sana katika mjadala huu, na zote mbili zinastahili kusomwa kwa tahadhari. Ya kwanza ilifanyika Lithuania na kuchapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la The Lancet: madereva 202 waliogongwa kwa nyuma mwaka mmoja hadi mitatu kabla, katika nchi ambayo wakati huo wachache walikuwa na bima ya majeraha na habari za jeraha hilo hazikuwa zimeenea, hawakuonekana kuwa na maumivu sugu ya shingo kwa kiwango kinachowatofautisha na watu wasiopata ajali. Ya pili ilihusu jimbo la Saskatchewan, Kanada, ambalo tarehe 1 Januari 1995 liliacha utaratibu wa kushitaki kwa ajili ya maumivu na kuchukua utaratibu wa bima isiyojali kosa ni la nani, yaani majeruhi hulipiwa matibabu na kipato alichokosa, lakini hapewi fungu la fedha kwa sababu ya kuumia peke yake. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba madai ya mtikisiko wa shingo yalishuka kutoka 417 kwa kila watu 100,000 katika miezi sita ya mwisho ya utaratibu wa zamani hadi 302 katika miezi sita iliyofuata, na muda wa kati wa kufungwa kwa dai ulipungua kutoka siku 433 hadi takriban 200. Kampuni za bima zilizishangilia tafiti hizo kana kwamba zimethibitisha kuwa shingo haziumi, jambo ambalo tafiti zenyewe hazikulisema. Idadi ya madai na idadi ya shingo zinazouma ni vitu viwili, na kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba fedha inapowekwa kando ya jeraha, jeraha hilo hutajwa zaidi, hukumbukwa zaidi, na huchukua muda mrefu zaidi kusahaulika.

Sheria ya Uingereza haikuwa mgeni wa hatari hiyo. Tangu Sheria ya Westminster ya mwaka 1275, mahakama za nchi hiyo zilimtilia shaka mtu anayejiingiza katika kesi isiyomhusu, na zaidi yule anayegharimia kesi ya mwenziwe kwa mapatano ya kugawana kitakachopatikana. Neno la kisheria la mapatano hayo lilitokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya sehemu ya shamba, kwa sababu wakati huo ugomvi ulikuwa wa ardhi na mfadhili aliahidiwa kipande chake. Makosa hayo yaliondolewa katika orodha ya jinai mwaka 1967, na si bila sababu, kwa kuwa kanuni iliyowekwa kuwazuia mabwana wakubwa wasiwaonee wadogo kwa kesi za kukodiwa ilikuwa imegeuka kuwa kizuizi kwa maskini aliyetaka kushitaki lakini hakuwa na fedha za wakili. Ukuta ulibomolewa kwa nia njema. Hakuna aliyefikiria nani atapita kwanza palipokuwa na ukuta.

Hatua iliyolizaa soko lenyewe ilikuwa Sheria ya Upatikanaji wa Haki ya mwaka 1999. Serikali ilitaka kujipunguzia mzigo wa msaada wa kisheria, yaani fedha za umma zinazowalipia mawakili watu wasiojiweza, hivyo ikauondoa msaada huo katika kesi nyingi za majeraha na badala yake ikaupa nguvu mkataba wa malipo kwa masharti, ambao wakili hulipwa akishinda tu, na akishinda huongezewa ada ya ushindi iliyoweza kufikia kiasi sawa na ada yake ya kawaida. Uamuzi uliobadilisha kila kitu ulikuwa kwamba, kuanzia Aprili 2000, ada hiyo ya ushindi, pamoja na malipo ya bima ya kujikinga na gharama za kushindwa, ingelipwa na upande ulioshindwa, ambao katika ajali za magari ni kampuni ya bima. Mdai hakutoa chochote akishinda, na akishindwa pia hakutoa chochote. Kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuliza bei. Mwaka 2004 chama cha mawakili kikaondoa katazo la kumlipa mtu anayeleta mteja, na kuanzia hapo ada ya kumleta mteja, ambayo katika mhadhara huu itaitwa udalali, ikawa gharama halali ya biashara. Wakili aliyekuwa na uhakika wa kulipwa zaidi ya pauni elfu moja kwa faili jepesi aliweza kumpa dalali mamia ya pauni na bado akabaki na faida, na mamia hayo ndiyo yaliyomlipa kijana aliyekaa kwenye ukumbi wa simu akisoma maneno yaliyoandikwa tayari.

Kampuni za kwanza za kusimamia madai, yaani zile zisizo za mawakili ambazo kazi yake ni kutafuta wadai na kuwakabidhi kwa mawakili, zilitegemea matangazo ya televisheni na vijana wa kuzuia watu madukani na mitaani. Iliyokuwa maarufu kuliko nyingi, The Accident Group ya Manchester, ilianguka mwezi Mei 2003, na wafanyakazi wake zaidi ya 2,000 walipata habari za kusitishwa kwa mishahara yao kupitia ujumbe mfupi wa simu, kifo kilichofanana ajabu na maisha ambayo biashara hiyo ingeyaishi baadaye. Waliofuata waliona kuwa kumsubiri majeruhi barabarani ni ghali, na kwamba zipo taasisi ambazo tayari zinajua nani amegongwa, lini, na na nani.

Taasisi hizo zilikuwa karibu kuliko umma ulivyodhani. Mtu anapogongwa humpigia mtu wa bima, kisha gari hubebwa na lori la kuvuta, hupelekwa karakana, na mwenyewe hupewa gari la kukodi kwa muda. Kila mmoja katika mnyororo huo huandika jina, namba ya simu, tarehe ya ajali na maelezo ya aliyekosea, na kila karatasi kati ya hizo ilikuwa na mnunuzi. Mwaka 2011 Jack Straw, mbunge wa Blackburn na Waziri wa Sheria wa zamani, alilifikisha bungeni jambo ambalo ndani ya biashara hiyo lilijulikana na wote: kampuni za bima zenyewe, zilizokuwa zikilalamika hadharani juu ya utitiri wa madai, zilikuwa zikiuza habari za wateja wao kwa mawakili na madalali. Kila kampuni ilipata fedha kwa kumuuza mteja wake, ikalipa fedha kwa dai la mteja aliyeuzwa na mwenzake, kisha hasara ya wote ikaongezwa kwenye bima ya mwaka unaofuata. Nzi kufa juu ya kidonda si haramu, husema Waswahili. Hapa aliyekuwa akimfukuza nzi kwa mkono mmoja alikuwa akikifunua kidonda kwa mkono wa pili.

Palipokosekana muuzaji halali, alipatikana mwizi. Mnamo Novemba 2018 aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya kutengeneza magari alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kutumia namba za siri za wenzake kuingia katika programu ya makadirio ya matengenezo na kuchota kumbukumbu za maelfu ya wateja, ambao baadaye walilalamika kupigiwa simu kuhusu ajali zao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ofisi ya Kamishna wa Taarifa, ambayo ndiyo inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi nchini humo, kumshitaki mtu kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990 badala ya sheria ya taarifa binafsi, kwa sababu hiyo ya pili haikuwa na adhabu ya kifungo. Orodha kama hizo ziliuzwa na kuuzwa tena, zikachakaa, na zilipochakaa kabisa mashine ya kupiga namba kwa mfululizo ilichukua nafasi yake, ikipiga kila namba na kumwambia kila anayeitika kuwa amepata ajali, kwa hesabu kwamba katika kila mamia ya watu yupo mmoja ambaye kweli aligongwa.

Mazungumzo ya simu hizo yalikuwa na ufundi wake. Mpigaji hakuuliza kama mtu ameumia, kwa kuwa jibu la hapana lingefunga mlango. Aliuliza kama shingo ilikakamaa kidogo asubuhi iliyofuata, kama usingizi umekuwa mwepesi kuliko zamani, kama anaingia garini kwa wasiwasi, maswali ambayo binadamu yeyote aliyevuka umri wa miaka thelathini hawezi kuyajibu yote kwa hapana. Kisha alimtajia kiasi cha fedha ambacho, kwa madai yake, kimekwisha kutengwa kwa jina la msikilizaji na kinasubiri tu kuchukuliwa. Maneno hayo yalikuwa uongo, lakini uongo wenye mzizi, kwani kampuni za bima zilikuwa na desturi ya kumaliza dai dogo kwa kulipa fungu la fedha kabla hata ya ripoti ya daktari, kwa kuona kuwa kulipa ni rahisi kuliko kubishana. Jambo ambalo mpigaji hakulitaja kamwe ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Haki ya Jinai na Mahakama ya mwaka 2015, kinachoitaka mahakama ilitupe dai zima, hata sehemu yake iliyo ya kweli, ikiwa mdai amekosa uaminifu katika kiini cha dai lake, isipokuwa tu pale ambapo kulitupa kungemtendea dhuluma kubwa. Na mdai wa aina hiyo hupoteza pia kinga ya kutolipa gharama za upande wa pili. Aliyefundishwa uongo ndiye anayesimama mahakamani, na mwalimu wake hana jina wala anwani.

Juhudi za kumdhibiti mpigaji zina historia ndefu isiyohitaji kusimuliwa yote. Tangu 1999 kulikuwa na daftari la watu wasiotaka simu za biashara. Kanuni za Faragha na Mawasiliano ya Kielektroniki za mwaka 2003 zilikataza kuwapigia walioandikishwa humo, na zikaja kutoa faini ya hadi pauni 500,000. Na tangu tarehe 8 Septemba 2018 simu za kampuni za kusimamia madai zimekatazwa kabisa isipokuwa mpigiwa ameridhia kabla. Kila kanuni ilipata jibu lake. Ridhaa ilitengenezwa kwa visanduku vilivyotiwa alama tayari chini ya fomu za bahati nasibu, namba za nje ya nchi zilivikwa sura ya namba za mtaani, na kampuni iliyotozwa faini ilijifilisi na kuzaliwa upya wiki iliyofuata kwa jina jingine na mkurugenzi yuleyule, hadi Desemba 2018 ilipowezekana kumtoza mkurugenzi mwenyewe.

Kinyume chake, kila bei ilipoguswa soko lilitikisika. Ripoti ya Jaji Jackson juu ya gharama za mashauri, iliyotolewa Januari 2010, ilipendekeza udalali upigwe marufuku na ada ya ushindi isilipwe tena na aliyeshindwa, na mapendekezo hayo yalianza kutumika tarehe 1 Aprili 2013. Mwezi huohuo ada ya wakili kwa dai jepesi la barabarani lisilobishaniwa ilishushwa kutoka pauni 1,200 hadi 500. Idadi ya kampuni za kusimamia madai ya majeraha ilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata, ingawa katazo la udalali lilikwepwa na wengi kwa kuunganisha dalali na wakili katika kampuni moja, ili kisiwepo tena cha kulipana. Pigo kubwa zaidi lilitokana na Sheria ya Dhima za Kiraia ya mwaka 2018, iliyoanza kufanya kazi tarehe 31 Mei 2021. Sheria hiyo ilizuia kumaliza dai bila ripoti ya daktari na kuweka viwango maalumu vya fidia ya mtikisiko wa shingo kwa kufuata muda wa maumivu, kuanzia pauni 240 kwa maumivu yasiyozidi miezi mitatu hadi pauni 4,215 kwa yale ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Pamoja nayo, madai ya majeraha ya barabarani yasiyozidi pauni 5,000 yaliondolewa katika kundi ambalo mshindi hurudishiwa ada ya wakili. Viwango hivyo vya fidia viliongezwa kwa takriban asilimia 15 mwaka 2025. Madai ya majeraha ya magari, yaliyozidi 800,000 katika mwaka wa fedha wa 2011/12, wakati polisi waliorodhesha majeruhi wapatao 204,000 tu katika barabara zote za Uingereza kwa mwaka 2011, yalikuwa yameshuka chini ya 400,000 kwa mwaka ifikapo 2023. Ni kweli kwamba ajali nyingi ndogo haziwafikii polisi, lakini pengo la mara nne haliwezi kuelezwa na usahaulifu wa madereva peke yake.

Hata hivyo, ushindi huo una mlipaji wake, na haki inataka atajwe. Mtu ambaye shingo yake iliuma kweli kwa wiki kumi, akashindwa kumbeba mwanawe na akalala ameketi, hupata leo fedha ambayo ni sehemu ndogo ya ile ambayo mahakama ingempa kabla ya 2021, na hupunguziwa kwa sababu ya uongo wa watu asiowajua. Serikali ilieleza kuwa kila dereva angeokoa takriban pauni 35 kwa mwaka katika bima yake. Bei za bima zilipanda kwa kasi mwaka 2023, kwa sababu nyingine zikiwemo gharama za matengenezo, na pauni hizo hakuna aliyeziona mkononi. Tovuti ya madai iliyojengwa ili majeruhi ajihudumie bila wakili imekuwa ikitumiwa, kwa takriban madai tisa kati ya kumi, na wawakilishi wa kulipwa, na Kamati ya Sheria ya Bunge ililalamikia ucheleweshaji wake mwaka 2023. Ingewezekana kuanza na udalali mwaka 2004, ulipokuwa bado mche, bila ya kumgusa majeruhi. Miaka ilipita, na mti ulipokatwa, tawi lilimwangukia aliyekaa kivulini.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua baadhi ya sura hizi, kwa kuwa Kenya na Tanzania zilirithi shaka ileile ya sheria ya Kiingereza na, katika jambo hili, Kenya imeishikilia kuliko aliyeirithisha: Sheria ya Mawakili ya Kenya bado inakataza kuwatafutia mawakili wateja kwa malipo na haitambui mkataba wa wakili kulipwa kwa sharti la ushindi. Vishoka wanaosubiri kwenye milango ya hospitali na vituo vya polisi wapo licha ya katazo hilo. Sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimewapa wananchi silaha ambayo Waingereza walikuwa nayo muda wote huo, na historia iliyoelezwa hapa inaonyesha makali yake yanaishia wapi pale ambapo jina la majeruhi lina mnunuzi.

Nchini Uingereza kwenyewe simu za kuchochea madai zimepungua, na mahali pake pameingia ufundi mwingine ambao hauhitaji kumpigia mtu yeyote. Dereva aliyegongwa husimama kando ya barabara, mikono ikimtetemeka, akaandika kwenye simu yake jina la kampuni yake ya bima ili apate namba ya kutolea taarifa, na majibu ya kwanza anayoletewa na mtambo wa kutafutia ni matangazo ya kulipiwa yaliyowekwa na kampuni za kusimamia madai, yakiwa na maneno yanayofanana na yale aliyoyaandika. Anagusa, anapokelewa na sauti ya upole inayojitambulisha kuwa ni idara ya madai, anaeleza kila kitu, na ndani ya saa moja gari lake limekwisha kuvutwa hadi hifadhi inayotoza kwa siku, naye amekabidhiwa gari la kukodi kwa mkopo, yaani gari ambalo kodi yake, iliyo juu kuliko ya kawaida, itadaiwa baadaye kwa bima ya aliyemgonga. Bima hiyo ikikataa, au mahakama ikiona kodi imezidi, deni humrudia aliyetia sahihi. Kanuni za 2003 na katazo la 2018 hazimfai kitu, kwa sababu zilitungwa kumlinda mtu dhidi ya simu anayopigiwa, na hii aliipiga mwenyewe.